Chupa ya dola 55, miezi 26 pipani: je, bei yake ni halali?

Msomaji wa Louisville, Kentucky, ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinichukua kutembelea kiwanda kidogo cha bourbon, ile wiski ya mahindi ya Marekani, ng'ambo ya mto, kusini mwa Indiana. Tulionyeshwa mtambo, tukaonja, nikavutiwa, nikanunua chupa ya dola 55. Lebo inasema miezi 26, nguvu asilimia 47, imepikwa na kufungashwa palepale. Nilipoifungua nyumbani nikakuta harufu ya mahindi mabichi, kitu kama rangi ya kucha, halafu mwishoni mbao iliyopigwa randa. Shemeji yangu alicheka, akaleta bourbon yake ya Evan Williams ya chini ya dola 20, akasema hiyo yangu ni gongo iliyopakwa rangi. Je, nimepigwa? Na mdogo wangu anaoa mwezi wa nane. Ninunue nyingine kwa ajili ya harusi au niachane nayo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na shemeji, maana naona maneno yake ndiyo yaliyokuchoma kuliko hizo dola 55. Kwenye bei huenda ana haki. Kwenye gongo amekosea, na kosa lake ni la watu wengi: wakionja bourbon changa, kila wasichokipenda wanakiita uchanga.

Wewe mwenyewe umetaja harufu tatu. Mahindi mabichi, rangi ya kucha, mbao ya randa. Umezitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni ubaya mmoja. Kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye mtambo, hizo ni habari tatu kutoka sehemu tatu za kiwanda. Ya kwanza inatoka kwenye umri. Ya pili inatoka kwa mpishi. Ya tatu inatoka kwenye pipa. Uchanga utaondoka ukingojewa. Kosa la mpishi litapungua kidogo tu. Kosa la pipa dogo kila mwaka linazidi. Kwa hiyo, kabla hatujazungumzia dola, lazima tujue kwenye glasi yako ipi kati ya hizo tatu ina nguvu, kwa sababu kuna bourbon ya miezi 26 ambayo ningeilipia bei yako bila kinyongo, na kuna ya miaka sita ambayo nisingeichukua hata kwa zawadi.

Kwanza tumalize la gongo. Gongo hutoka kwenye mtambo ikaenda moja kwa moja kwenye chupa. Bourbon hairuhusiwi hivyo. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, itoke kwenye mtambo isizidi asilimia 80 ya kilevi, iingie pipani isizidi 62.5, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa moto kwa ndani. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Wekundu wote uliouona kwenye chupa umetoka kwenye mbao. Haikutajwa popote kwamba lazima itoke Kentucky, ila lazima itoke Marekani. Na haikuwekwa umri wa chini: neno "Straight" kwenye lebo ndilo linalodai miaka miwili, na wiski yoyote iliyokaa chini ya miaka minne inalazimika kuandika umri wake. Ndiyo maana chupa yako inasema miezi 26 na ya shemeji inaweza kukaa kimya. Ukimya wa lebo yake ni taarifa: ndani ya chupa ile hakuna tone la chini ya miaka minne.

Maneno ya kwamba imepikwa palepale ni mazito zaidi kwa Indiana kuliko kwingine. Mjini Lawrenceburg, kando ya mto huohuo Ohio, kuna kiwanda kikubwa kilichokuwa cha Seagram zamani, na kwa miaka mingi watu wamekijua kwa jina la MGP. Kimewauzia wiski wafanyabiashara chungu nzima wasio na mtambo, wakabandika lebo zao. Wiski yenyewe mara nyingi ni nzuri sana, sina ugomvi nayo. Lakini anayelipa bei ya kiwanda kidogo anataka kununua kazi ya mikono ya kiwanda kile, na neno la kutafuta ni "Distilled by". Likikosekana, ukaona tu "Bottled by" au "Produced by", jua kuna swali la kuuliza. Wewe uliuona mtambo ukifanya kazi na lebo inathibitisha. Hapo hujadanganywa.

Sasa tuingie jikoni. Kama umekulia Tanzania utakuwa umewahi kuona togwa ikitengenezwa: uji unapikwa, unaachwa upoe kidogo, unatiwa kimea cha ulezi, na baada ya muda uji ule mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila mtu kuweka sukari. Kimea kimeivunja wanga ikawa sukari. Bourbon inaanza kwa hesabu ileile, ila kimea ni cha shayiri na uji ni wa mahindi pamoja na rai (nafaka iitwayo rye) au ngano. Ukisimama juu ya pipa la uchachu pale kiwandani siku ya kwanza unasikia togwa kabisa. Siku ya tatu au ya nne unasikia ndizi mbivu, maana hamira imekwisha kula sukari na kutoa kilevi pamoja na manukato yake.

Halafu inapikwa. Kwenye mtambo wa chungu, kama wengi wa viwanda vidogo, kinachotoka hakifanani mwanzo hadi mwisho. Kinaanza na kichwa: vitu vyepesi, vinavyonukia gundi, rangi ya kucha, tufaha bichi. Kisha moyo, ambao ndio unaotakiwa. Mwisho mkia: boksi lililolowa, kitambaa kilichofungiwa na unyevu, harufu ya zizi. Kazi kubwa ya mpishi ni kukata: aseme sasa kichwa kimekwisha, na baadaye aseme sasa mkia umeanza. Hakuna kipimajoto kinachoweza kumfanyia kazi hiyo peke yake. Anainusa, anaionja, anaamua.

Nilifanya kazi miaka minane kwenye kiwanda kidogo, nacho kilikuwa na madeni. Mwenye mali alikuja jioni moja akatuambia tukate mapema na tumalize kwa kuchelewa, kwa sababu kila lita inayotupwa ni pesa. Hesabu yake ilikuwa rahisi kuielewa. Tulipata mapipa mengi zaidi mwaka ule. Miaka mitatu baadaye tulifungua yale mapipa na kichwa kilikuwa kimesimama palepale, kimevaa vanila juu, kama mtu aliyejipulizia manukato bila kuoga. Nilisikitika kwa namna ambayo bado naikumbuka, maana mahindi yale tuliyachagua vizuri, na mapipa yalikuwa mazuri, na wakulima waliotuuzia walikuwa wanakuja kuuliza lini wataonja zao lao.

Ndiyo maana rangi ya kucha uliyoisikia ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote, na nataka tuipime kabla hatujaihukumu. Harufu ile mara nyingi ni ya kitu kiitwacho ethili asetati. Kidogo chake kipo katika kila bourbon, kwa sababu hata pipa lenyewe huizalisha pole pole, na kikiwa kidogo hunukia kama tunda. Tena chupa mpya, ukimimina glasi ya kwanza na kuinusa papo hapo, vile vyepesi ndivyo vinavyotangulia kukufikia. Mimina, weka mezani, ngoja dakika 15. Ikiondoka, hapakuwa na kosa, ulikuwa na haraka tu. Ikibaki vilevile baada ya nusu saa, mpishi alikuwa mchoyo. (Usiogope kwa afya yako: uji wa mahindi hautoi sumu ya methanoli kwa wingi kama wengi wanavyodhani, na kiwanda chenye leseni hukaguliwa. Hii ni hukumu ya ladha.)

Mahindi mabichi ni jambo jingine, na hapa namtetea mpishi. Wiski ya miezi 26 ikinukia mahindi inasema ukweli kuhusu ilikotoka. Swali ni mahindi gani. Kuna harufu ya mahindi ya kuchemsha, ya gunzi lililotolewa sufuriani sasa hivi, tamu, yenye mvuke. Hiyo ni dalili njema kabisa. Ukiipa miaka miwili mitatu zaidi itageuka bisi zenye siagi, kisha karameli. Na kuna harufu ya majani ya mahindi yaliyokatwa, ukijani mkali unaokaa puani. Hiyo nayo hupungua pipani lakini inataka muda mrefu. Wewe umeandika "mabichi", sijui ulimaanisha ipi. Rudi kwenye glasi ukatofautishe.

Sasa pipa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Pipa la kawaida la bourbon ni galoni 53, karibu lita 200. Linachomwa ndani mpaka linafanya tabaka jeusi, mithili ya ukoko wa wali ulioachwa motoni, na chini ya ule weusi kuna tabaka jekundu ambako sukari za mbao zimeungua nusu. Kiangazi cha Kentucky na Indiana kinapopanda, wiski hutanuka na kuingia ndani ya mbao. Baridi ikija inarudi nyuma na kubeba ilichokipata. Vanila inatoka kwenye lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti. Ule unazi unaousikia, kama nazi iliyokaangwa kidogo, ni mafuta ya mwaloni wenyewe. Ukakasi unatoka kwenye tanini, ileile inayokausha ulimi ukitafuna bibo lisiloiva.

Hayo yote pipa huyatoa kwa haraka. Miaka miwili inatosha kupata rangi na vanila. Kisichoharakishwa ni kazi nyingine: hewa inayoingia kidogo kidogo kupitia mbao, ukali unaogeuka tunda, wiski inayopungua kila mwaka kwa lile fungu la malaika, yaani inayofuka hewani, na kubaki ikiwa imetulia. Kazi hiyo haina njia ya mkato niliyoiona mimi.

Viwanda vidogo vilipoanza kuchipua Marekani miaka ya 2000, wengi walitafuta njia hiyo kwa kutumia mapipa madogo. Tuthilltown kule New York, waliotengeneza Hudson Baby Bourbon, walianza na mapipa ya galoni 3 na chupa za mililita 375. Wazo lilikuwa na mantiki: pipa likiwa dogo, kila lita inagusa mbao nyingi zaidi. Ukipiga hesabu, pipa la galoni 5 linaipa kila lita mbao zaidi ya mara mbili kuliko pipa la galoni 53. Ndani ya mwaka mmoja rangi ni ya mahogani. Lakini mbao imekimbia na ule utulivu umebaki nyuma, ndipo unapata wiski yenye sura ya mzee na sauti ya mtoto: nyeusi kwenye glasi, maranda puani, moto kooni, ukakasi mwishoni. Buffalo Trace, ambao si kiwanda kidogo hata kidogo, walijaribu mapipa ya galoni 5, 10 na 15, wakayafuatilia miaka kadhaa, na mwaka 2012 walisema hadharani kwamba jaribio limeshindwa. Nawaheshimu kwa kulisema.

Kwa hiyo mbao ya randa uliyoisikia inaniambia nikuulize: pipa la galoni ngapi? Piga simu kiwandani, watakuambia. Watu wa viwanda vidogo hupenda kuulizwa. Wakisema 53, basi yale maranda ni ya ujana na yatatulia. Wakisema 10 au 15, usitegemee kwamba toleo lao la miaka minne litakuwa bora. Na ukiwa bado na simu mkononi, uliza waliingiza pipani kwa nguvu ya asilimia ngapi. Kikomo ni 62.5, lakini Maker's Mark huingiza kwa 55 na Michter's kwa 51.5. Ukiingiza kwa nguvu ndogo, mapipa yanakuwa mengi na gharama inapanda, ila sukari za mbao huyeyuka vizuri zaidi na mwishoni hutumii maji mengi kupunguza makali. Kiwanda kidogo kinachochagua njia hiyo kinajigharimu kwa ajili yako, na hilo nalihesabu kwenye bei.

Tuje kwenye jaribio. Shemeji alileta Evan Williams, na kama ni ile ya lebo nyeusi basi ni asilimia 43. Yako ni 47. Hapo hapakuwa na haki: yenye nguvu zaidi daima itaonekana kali na mbichi zaidi ukiiweka kando ya iliyopunguzwa. Fanya hivi. Pima mililita 45 za chupa yako, ongeza maji mililita 4, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Sasa zote mbili ni 43. Mwambie mke wako au yeyote aliye nyumbani azimimine kwenye glasi mbili zinazofanana wakati wewe na shemeji mko chumba kingine, aziandike namba chini. Glasi iwe na mdomo mwembamba kuliko tumbo. Glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Kikombe cha plastiki hapana. Msile pilipili wala kitunguu kabla. Ngojeni hizo dakika 15.

Kunusa: usiingize pua yote kwa nguvu kama unanusa chungu cha mchuzi. Weka glasi chini ya mdomo, fungua midomo kidogo, vuta taratibu. Mdomo ukiwa wazi kilevi hakikuchomi pua. Funda la kwanza mdomoni usilihukumu kabisa, hilo ni la kuuambia ulimi kwamba kazi imeanza. La pili liwe dogo, lizungushe, litafune kama chakula, limeze au uliteme. Mimi hutema, maana mtu anayeonja aina nane hawezi kuzimeza zote akabaki na akili ya kuandika. Baada ya hapo nyamaza uhesabu. Ladha inakaa sekunde ngapi? Inabadilika au inakatika? Wiski changa iliyo safi mara nyingi hukatika mapema lakini inakatika kwa utamu. Iliyopikwa vibaya hukaa muda mrefu, na kinachokaa ni uchungu.

Ongeza tena matone machache ya maji, unuse upya. Watu hudhani maji yanaiharibu wiski. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikipunguzwa nguvu, guayakoli, moja ya molekuli za harufu yake, husogea juu karibu na hewa, mahali pua inapoweza kuipata. Kwa bourbon changa maji yana faida ya pili: yanafichua. Kama kuna mkia ndani, maji yatauleta. Ile harufu ya boksi lililolowa itainuka yenyewe.

Majaribio mawili ya mwisho ni ya watu wa kiwandani na hayagharimu kitu. Tia tone moja kiganjani, sugua viganja mpaka vikauke, unuse. Kilevi kimekwenda na umebaki na nafaka. Unataka usikie unga mtamu, mkate, uji. Pili, ukimaliza usioshe glasi. Iache usiku kucha, uinuse asubuhi ikiwa kavu. Hapo ndipo mimi hufanya uamuzi wangu wa kweli. Glasi njema asubuhi inanukia sukari guru, vanila, wakati mwingine mdalasini au karafuu kutoka kwenye rai. Glasi ya pipa dogo inanukia majivu na penseli iliyochongwa. Mara nyingi nimelala nikiwa na maoni fulani na kuamka nimeyabadilisha kwa sababu ya glasi tupu.

Kuhusu thamani sasa. Kipimo changu si Evan Williams nyeusi, ni ndugu yake wa lebo nyeupe, yenye maandishi "Bottled-in-Bond". Maneno hayo yanatokana na sheria ya mwaka 1897: wiski ya kiwanda kimoja, ya msimu mmoja, iliyokaa angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, ikafungwa kwa asilimia 50 kamili. Hapo ulipo inapatikana kwa takribani dola 20. Kwa hiyo kila bourbon nyingine naiuliza: unanipa nini juu ya hiyo kwa kila dola ninayoongeza? Wild Turkey 101, ya asilimia 50.5, inajibu vizuri kwa dola chache za ziada. Kiwanda kidogo kina wajibu wa kujibu vilevile.

Na lazima tuwe waadilifu kwao. Viwanda vikubwa vya Kentucky hujaza mapipa elfu moja na zaidi kwa siku moja. Kidogo hujaza mawili, pengine manne. Mpishi, fundi wa mtambo, bima, pipa jipya kila mara kwa sababu bourbon hairuhusiwi kurudia pipa: gharama hizo zinagawanywa kwa chupa chache. Kinachowasaidia ni kodi. Serikali kuu hutoza dola 13.50 kwa galoni ya prufu (yaani galoni moja ya kinywaji cha asilimia 50), lakini galoni laki moja za mwanzo za kila mwaka hutozwa 2.70 tu. Kwa chupa kama yako hiyo ni senti 50 hivi badala ya dola mbili na nusu. Ni nafuu ya kweli, ila haizibi pengo la dola 35 kati yako na shemeji.

Pengo hilo limezibwa na nini? Sehemu ni gharama halali ya udogo. Sehemu ni haraka: wanahitaji pesa leo, na wameiuza wiski ikiwa nusu ya safari kwa bei ya iliyofika. Wapo walioamua vingine. New Riff, kule Newport, Kentucky, walifungua mwaka 2014 na hawakuuza bourbon yao mpaka ilipofika miaka minne, mwaka 2018. Katikati waliishi kwa kuuza wiski waliyoinunua kwingine, wakaipa jina tofauti, OKI, ili mtu asichanganye. Chupa yao ya asilimia 50 ni takribani dola 40. Nikiona hivyo, siwezi kukuambia kwamba dola 55 kwa miezi 26 ni lazima. Ni uchaguzi wa mwenye kiwanda, na wewe una haki ya kuchagua pia.

Basi jibu langu ni hili. Kama rangi ya kucha inaondoka baada ya dakika 15, pipa ni la galoni 53, na glasi ya asubuhi ni tamu, una bourbon safi ambayo bado ni mtoto. Bei yake halali kwangu ni dola 38 hadi 40. Zile 15 za juu ulilipia siku nzuri na wenzako, ulionyeshwa kazi ya watu kwa macho yako, na umekipa kiwanda pumzi ya kungoja. Hukupigwa. Kama kucha imebaki, au pipa ni dogo na asubuhi ni majivu tupu, basi ulilipa dola 55 kwa wiski ya dola 20, na chupa hiyo itumie taratibu kwenye vinywaji vya limau na asali, ambako ukali wake utapata kazi ya kufanya. Nikikisia kutokana na ulivyoandika, nadhani ni ya kwanza, kwa sababu umetaja mahindi mwanzo na mbao mwishoni. Kwenye pipa dogo mtu hukutana na mbao kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa harusi, usiinunue, hata kama itafaulu jaribio. Wageni wengi watachanganya na soda, na soda inafunika yale yote unayoyalipia. Chukua Evan Williams ya lebo nyeupe. Kwa pesa ya chupa mbili za kwako utapata tano, na asilimia 50 yake haitapotea ndani ya barafu. Kwa meza ya wazee, wale watakaokunywa kavu na kwa utulivu, weka chupa moja au mbili za Wild Turkey 101.

Na hii yako usiimalize. Nyuma ya chupa, mara nyingi kwa kalamu, kuna namba ya toleo au ya pipa. Iandike. Acha robo ya chupa, uihamishie kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka shingoni ili hewa isiichoshe, uifunge vizuri na kuiweka kabatini gizani. Wakikuambia kwenye simu kwamba mapipa ya msimu uleule bado yapo ghalani, waulize watayafungua lini yakifika miaka minne. Siku hiyo vuka mto tena, nunua moja, ziweke mbili kando kwa kando, na mwite shemeji aje kuonja bila kuambiwa ipi ni ipi. Kisha niandikie mmekuta nini, hasa kwenye glasi ya asubuhi.